Mara Tatu Katika Kumi

Duka la kufotokopi lilikuwa na mashine tatu, feni moja isiyozunguka na watu kama arobaini, wote wana haraka. Ilikuwa Jumatatu saa nne asubuhi, na harufu ya wino wa moto ilikuwa imeshika mpaka kwenye nguo. Mwanamume mmoja mrefu, shati jeupe, kalamu ya wino mfukoni, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo wake ungeweza kukata sabuni, aliitazama ile mistari mitatu akachagua mfupi. Watu wanne tu mbele yake. Akajipongeza moyoni.

Nyuma yake akaingia mwanamke wa gauni la rangi ya chungwa, nywele zimesukwa kwenda nyuma, miwani imekaa kwenye ncha ya pua. Huyu hakukimbilia mstari. Alisimama mlangoni akaangalia huku na huku, kama mpishi anayeonja kwa macho, kisha akaenda zake kujipanga kwenye mstari mrefu kuliko yote. Watu tisa.

"Dada, huku kuna nafasi," mwanamume alimwambia kwa upole. "Huko utazeekea."

"Ahsante, kaka. Uzee uko kwako. Wa kwanza wako ameshika kitabu kizima. Wa tatu anataka picha za rangi. Na hiyo mashine yenu inakula karatasi, nimeona ikifunguliwa tumbo mara mbili. Wangu wote wana karatasi mojamoja."

"Umeyaona yote hayo kwa kusimama mlangoni?"

"Sasa mlangoni nilikuwa na kazi gani nyingine?"

Watu wakacheka. Mwanamume naye akacheka, ila kwa upande mmoja wa mdomo. Baada ya dakika kumi mwanamke alikuwa ameshapata karatasi zake, bado zina joto, amezikumbatia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mstari mfupi ulikuwa palepale, na ile mashine ilikuwa wazi tumbo kwa mara ya tatu.

"Nikutafutie kiti?" alimuuliza akipita.

"Nitafutie namba yako ya simu," mwanamume akajibu, akajishangaa mwenyewe, maana hakuwa mtu wa kuropoka.

Mwanamke alimpima juu mpaka chini. "Nitakupa, lakini hutapiga."

"Nani kasema?"

"Wanaume wenye kalamu ya wino huomba namba kwa adabu, halafu huitunza. Wewe nakupa moja katika nne."

Saa sita kasoro simu ya mwanamke ikaita.

"Haloo?"

"Ni mimi, yule wa mstari mfupi."

"Umeshatoka?"

"Ndiyo natoka sasa hivi."

Mwanamke alicheka mpaka wenzake ofisini wakageuka. "Basi ile moja imetokea. Subiri niandike."

"Uandike kwamba umekosea?"

"Niandike kilichotokea. Kama nimekosea nitajua nikishaandika wengi."

"Wengi? Kwani kuna wengine?"

"Ona anavyokasirika mtu ambaye hata jina langu hajaniuliza."

Jina lake la kazini lilikuwa Bi Asilimia. Alikuwa mpimaji wa hatari katika kampuni ya bima, ghorofa ya nne. Kazi yake ilikuwa kukadiria mambo ambayo bado hayajatokea: lori gani litapinduka, ghala gani litaungua, mwezi gani mto utatoka nje ya kingo zake. Yule mwanamume alikuwa Katibu wa Jumba la Sanaa, lile jengo la mawe meupe lenye ngazi pana ambako watu hupunguza sauti kabla hata hawajaingia. Aliandika mialiko, hotuba na sifa za michezo ya kuigiza, na aliandika vizuri mpaka watu waliisoma mialiko yake mara mbili. Mwaka huo ilisemwa kwamba Mkurugenzi akistaafu, kiti ni chake.

Wakaanza kupigiana simu. Asubuhi kabla ya kazi, mchana wa chakula, jioni jua likizama.

"Kitendawili," Katibu alisema siku moja.

"Tega."

"Nyumba yangu ndogo haina mlango. Mgeni akipiga hodi, yote inatetemeka."

"Simu. Hata mtoto hadanganyiki. Kitendawili."

"Tega, kipenzi."

"Wote wanamngoja, wote wanamsema, akifika si yeye tena."

Katibu alifikiri mpaka chai ikapoa. "Nipe mji."

"Sipokei miji, sina pa kuiweka. Ni kesho, bwana. Mimi ndiye anayenipa mshahara, wewe humjui hata kwa sura."

"Mimi namjua anayeniuliza," Katibu akasema, na upande wa pili mtu akatabasamu peke yake.

Siku moja alimkaribisha ofisini kwao, mchana. Katibu alikuta watu saba wamezunguka meza moja, wanabishana kama wapo sokoni, mkono mmoja una sambusa na mwingine una chaki. Binti mdogo kuliko wote, hata mwaka hajamaliza pale, alimwambia mkuu wake kwa sauti kavu, "Mkuu, umekosea. Umesahau madaraja yaliyojengwa upya." Mkuu akatazama ubao, akakuna kichwa, akasema, "Kweli." Kisha akainuka akaenda kuosha vikombe, maana ndivyo walivyowekeana: aliyekisia vibaya zaidi siku hiyo anaosha vikombe vya wote.

"Kwetu lingetokea hili," Katibu alinong'ona, "tungekaa vikao vitatu vya kupatanisha."

"Na vikombe?"

"Vingeoza."

Ndipo ikaja zamu ya Asilimia kukaribishwa Jumba la Sanaa, na huko ndiko kwenye kisa chetu.

Mwenyekiti wa kamati ya Jumba alikuwa shangazi yake Katibu, dada wa baba. Ndiye aliyemlea tangu ana miaka sita, baada ya wazazi kufariki. Ujana wake wote alikuwa mwigizaji, na mpaka leo akiingia chumbani watu walisogeza viti bila kuambiwa. Alivaa hariri ya zambarau na mkufu mmoja tu, akaketi wima kama aliyeandikwa kwa rula. Pembeni yake alikaa Profesa, mzee wa tai ya kipepeo, ambaye kila jambo aliliita ama lina ladha ama halina.

"Shikamoo, mama," Asilimia alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unapiga ramli."

"Ramli haitunzi kumbukumbu, mama. Mimi natunza."

Shangazi aliinua nyusi, akamtazama mpwa wake, kisha akatabasamu kwa adabu, lile tabasamu la mtu anayepokea sahani asiyokusudia kula.

Siku hiyo walikuwa wanapanga ufunguzi wa msimu. Ungefanyika alasiri, uani, chini ya anga. Mavazi ya kale ya Jumba yangetoka makabatini, yangevalishwa sanamu na kupangwa kuzunguka ua: majoho ya kushonwa kwa mkono, mengine yana miaka themanini. Asilimia alisikiliza wee, mwishowe akainua kidole kama yuko darasani.

"Samahani. Wiki hiyo nina rekodi zake za mvua, miaka mingi nyuma. Alasiri kama hiyo, mara tatu katika kumi hunyesha. Mngefunga turubai juu ya yale mavazi."

"Turubai?" Profesa aliuliza, kama aliyesikia neno la chooni. "Juu ya majoho?"

"Mara saba mtakuwa mmelifunga bure, mzee. Mara tatu mtakuwa mmeokoa kitu kisichoshoneka tena. Mimi ningelifunga."

"Binti," Shangazi akasema, "mvua itanyesha au haitanyesha?"

"Sijui, mama. Hilo ndilo ninalowaambia. Mara tatu katika kumi."

Watu walitazamana. Katika jumba lile hakuna aliyewahi kusema sijui akiwa amekaa wima. Walisema mchezo utapendwa. Usipopendwa, walisema watazamaji hawana ladha, wakafunga faili. Katibu alikuwa anaandika muhtasari. Alielewa vizuri kabisa kilichosemwa. Aliinama, akaandika: *Mgeni ameonya kuhusu mvua.* Hakutia neno lake.

Siku ya ufunguzi ikafika. Asilimia alivaa gauni la kijani kibichi la mikono mirefu, hereni za fedha, viatu vya kisigino kifupi, na kwapani mwavuli mweusi. Mbingu ilikuwa nyeupe kama shuka iliyofuliwa. Mwavuli ule ulitazamwa kuliko mavazi ya miaka themanini.

"Umependeza mpaka nimesahau hotuba," Katibu alimwambia langoni.

"Hotuba ni ya shangazi yako, wewe unaisahauje?"

"Nani unadhani anaziandika?"

Shangazi akapanda jukwaani. Sauti yake ilijaa ua wote bila kipaza sauti. Akawashukuru wageni, akasifu mafundi, halafu akatua, akainua macho mbinguni.

"Tulionywa na wataalamu wa namba," alisema, "kwamba leo tutaogelea. Namba zilisoma mawingu. Bahati mbaya, mawingu hayakusoma namba."

Ua wote ukaangua kicheko. Mtu mmoja akamwonyesha mwenzake mwavuli. Asilimia hakumtazama Shangazi. Alimtazama Katibu, aliyesimama hatua tano tu pembeni, na akaona midomo yake inatembea. Yale maneno aliyasema kimyakimya kabla shangazi yake hajayasema, kila tuo mahali pake, kama fundi anayesikiliza injini aliyoiunda mwenyewe. Na mwishoni, pamoja na wote, alicheka.

Katibu alimkuta langoni, ameshafungua mkoba kutafuta funguo.

"Mpenzi, unaenda wapi? Ulikuwa utani tu."

"Utani wa nani?"

Katibu akajaribu kutabasamu. "Basi, haikunyesha. Ulikosea kidogo, tumecheka kidogo, yamekwisha."

"Nilisema nini siku ile?"

"Mvua."

"Nilisema nini, Katibu?"

"Mara tatu katika kumi."

"Kwa hiyo mara saba kukavu. Leo ni moja ya zile saba. Nani amekosea?" Hakupandisha sauti. "Mimi kuchekwa nimezoea. Kazi yangu ni kuchekwa mara saba ili mara tatu nifae. Wale hawakunielewa, sawa. Lakini wewe ulinielewa. Ulijua nilichosema, ukaandika kingine, kwa sababu hicho kingine kinachekesha."

"Usiondoke hivyo."

"Naondoka hivihivi. Huu mwavuli wala sijauonea aibu."

Akashuka zile ngazi pana, kichwa juu, gauni la kijani likipepea, na ni kweli, hakuna aliyemwona ameinama.

Simu zikakatika. Katibu alipiga Jumanne, haikupokelewa. Alipiga Jumatano mara nne. Alhamisi aliandika ujumbe mrefu wenye maneno mazuri sana, akausoma, akaona ni mialiko tu, akaufuta. Ijumaa ya pili alivaa koti akaenda mwenyewe ghorofa ya nne. Dada wa mapokezi alimtazama kwa huruma.

"Hujui? Ameacha kazi. Amefungua chumba chake mwenyewe, juu ya duka la vioo."

"Ameacha kazi hii? Yenye pensheni?"

"Hata sisi tumeshika vichwa."

Alipopiga tena, siku hiyo simu ilipokelewa.

"Nimesikia umeacha kazi."

"Nimeacha."

"Kwa nini, lakini?"

"Kampuni inawapimia hatari wenye maghala. Mwenye kuoka mikate nani anampimia? Mwenye lori moja? Mwenye kukodisha viti vya harusi? Nataka kuwapimia hao, kwa lugha wanayoielewa."

"Na utafaulu?"

"Thelathini na tano kwa mia."

Katibu alikaa kitini. "Thelathini na tano tu, na umeacha kazi?"

"Nikishindwa nitarudi kuajiriwa, nitakuwa nimepoteza mwaka. Nikifaulu, nitakuwa nimefanya kitu ambacho hakipo. Hesabu hiyo nimeirudia mara nyingi. Usidhani siogopi. Asubuhi mikono inatetemeka mpaka namwaga chai."

"Shangazi anasema ni wazimu."

"Na wewe unasemaje?"

Katibu alifungua mdomo. Yakamjia maneno ya Shangazi, yakamjia ya Profesa, yote yamenyooka, yote yamepigwa pasi. La kwake hakuliona.

"Unaona," Asilimia akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nakupenda, sikufichi. Lakini siwezi kuishi na mtu ambaye kila nikimuuliza ananijibu shangazi yake. Ukipata la kwako, nipigie. Usipolipata, usinipigie tena, utanipa tabu ya kukusahau mara mbili."

Simu ikakatwa.

Siku mbili Katibu hakula vizuri. Ya tatu alishuka chini ya jukwaa, kwenye chumba cha mafaili, na kuomba mihtasari yote ya vikao vya miaka kumi. Chumba hicho kilipakana na cha fundi wa mavazi, mama mmoja aliyeshonea Jumba tangu nywele zake nyeusi, na ambaye kwa kuwa hakukosa pini mdomoni walimwita Mama Sindano.

"Unatafuta nini humo, baba?"

"Natafuta tuliyosema, Mama. Halafu nilinganishe na yaliyotokea."

Mama Sindano alitoa pini mdomoni, jambo ambalo hakulifanya ovyo. "Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza. Soma, nami nitakuambia."

Basi akasoma. *Mchezo huu utatikisa mji.* "Huo?" akasema Mama Sindano. "Nilishona kofia thelathini. Watazamaji walikuwa kumi na mmoja, na wawili walikuwa wamekosea mlango." *Mchezo huu hauna ladha, uchezwe mara moja tu.* "Huo ndio ule ambao watu walikaa mpaka kwenye ngazi, tukawaomba radhi majirani kwa kelele." Yaliyoandikwa yalikuwa ya uhakika, aliyoyakumbuka yeye yalikuwa ya kweli. Kwa siku nne walijaza karatasi. Hukumu sitini na mbili za kamati; zilizotimia, ishirini na tano. Nyingine zote zilifungiwa faili na hakuna aliyerudi kuzitazama.

Kisha Katibu akahesabu za kwake mwenyewe, zile alizosema kikaoni kwa kinywa chake. Tisa. Zilizotimia tatu.

Alicheka peke yake pale chini. Haya ilikuwepo, lakini chini yake kulikuwa na kitu kingine chepesi, kama mtu aliyevua kiatu kilichombana tangu asubuhi. Tatu katika tisa. Angalau sasa alikuwa na namba iliyo yake.

Kikao kikubwa kilikuwa Alhamisi. Ajenda mbili: mchezo wa kufunga msimu, na jina la Mkurugenzi mpya. La pili kila mtu alilijua. Hata keki ilikuwa imeagizwa. La kwanza lilikuwa mchezo ulioletwa na wauguzi sita wa zahanati, walioutunga wenyewe wakiwa zamu, juu ya zamu yao.

"Hauna ladha," Profesa alisema. "Nani hao? Wamesomea wapi?"

"Katibu," Shangazi akamgeukia, kama anavyomgeukia siku zote ili amalizie sentensi yake. "Unasemaje?"

Katibu akasimama. Suruali yake ilikuwa na mkunjo mmoja usio mahali pake, na hakuujali.

"Nimeusoma mara tatu. Sijui kama utapendwa."

Kiti kimoja kililia.

"Nakisia arobaini kwa mia kwamba utajaza ukumbi. Ukishindwa, tumepoteza wiki mbili za jukwaa. Ukifaulu, watu ambao hawajawahi kupanda ngazi zetu watazipanda. Mimi ningeuchukua. Na nimeandika kisio langu hapa, na tarehe, na jina langu chini, ili baadaye mnisomee." Akaweka mezani karatasi, na juu yake ile orodha ndefu. "Na hii ni ya miaka kumi. Tuliyosema, na yaliyotokea. Yangu yako mwishoni, nayo ndiyo mabaya kuliko yote."

Orodha ikazunguka meza. Profesa aliishika kwa ncha za vidole. Mtu mmoja akakohoa.

"Kuna la mwisho. Ule utani wa mawingu niliuandika mimi. Mwenyekiti aliusoma kwa kuniamini. Yule binti alituambia kweli tupu: mara tatu katika kumi. Sisi tukabahatika, tukajiita wajuzi. Yeye alikuwa na ujasiri wa kusema sijui mbele yetu sote, na mimi niliyejua kwamba ana haki nilikosa ujasiri wa kusema najua. Mtu wa namna ile ni wa kujivunia. Mimi najivunia, hata kama ameshaniacha."

Shangazi alikunja mikono juu ya ile hariri.

"Ajenda ya pili," alisema taratibu, "itasubiri."

Hivyo ndivyo kiti kilivyomponyoka. Wakati wa mapumziko Shangazi alimfuata kwenye ujia, visigino vinagonga sakafu kimoja kimoja.

"Umeniaibisha mbele ya watu wangu."

"Nimekuambia kweli, Shangazi."

"Wakati mwingine hakuna tofauti." Alitazama dirishani kwa muda. Kidevu chake kilitetemeka kidogo, akakituliza, mwigizaji yule. "Nilikufundisha kusimama, kupumua, kutamka. Nilidhani nimekufundisha na la kusema."

"La kusema nilikuwa nalichukua kwako. Limekuwa dogo kwangu, Shangazi. Kama shati."

Akamgeukia. "Arobaini, ulisema?"

"Arobaini."

"Ule mchezo una mwanzo mzito. Mimi ningesema thelathini." Akanyoosha mkufu wake. "Lakini yule muuguzi mnene, aliyeusoma ule mstari wa pili siku walipouleta, ana sauti. Sijasikia sauti kama ile tangu yangu."

Akarudi ndani. Kura zilikuwa nne kwa nne, na ya tisa ilikuwa ya Mwenyekiti. Wauguzi wakapewa jukwaa.

Keki ilikuwa haijakatwa bado Mama Sindano, aliyesikiliza kikao chote kutoka mlangoni, alipoingia chumbani kwake, akafunga mlango, akapiga simu kwenye kile chumba cha juu ya duka la vioo. Namba aliipata wapi, hilo muulizeni yeye.

"Mwanangu, wewe ndiye wa mwavuli?"

"Ndimi, mama."

"Basi kaa chini nikuhadithie."

Kesho yake saa tatu asubuhi wauguzi walikuwa jukwaani wanafanya mazoezi, Shangazi ameketi mstari wa tano, Katibu ameshika karatasi pembeni ya pazia. Mlango mkubwa ukafunguliwa. Akaingia Asilimia na gauni jeupe la pamba lenye doa la chai kwenye mkono, hakuwa amelibadilisha. Alitembea katikati ya viti mpaka mbele. Wauguzi wakanyamaza mmoja mmoja.

"Shikamoo, mama," alimwambia Shangazi.

"Marahaba."

"Nimekuja kumuuliza mpwa wako jambo. Siyo siri, kaa tu."

"Nilikuwa sina nia ya kuondoka," Shangazi akasema.

Katibu alikuwa ameshashuka. Walisimama hatua moja kati yao.

"Nilikuwa nataka kukupigia," alisema. "Nilikuwa nasubiri nipate..."

"Umeshapata. Nimesikia. Sasa nyamaza kidogo, nikikawia nitaogopa." Akavuta pumzi. "Nina chumba kimoja, wateja wanne na mikono inayotetemeka. Jibu lako silijui, na safari hii sikukisia, kwa sababu nimeona kukisia hapa ni kujikinga, na mimi sitaki kujikinga na wewe. Utanioa?"

Muuguzi mnene aliketi sakafuni taratibu.

"Mwanamke ndiye anayeuliza siku hizi?" Shangazi akasema.

"Mama, anayetaka kujua ni mimi. Nimtume nani?"

Shangazi alimtazama yule binti muda mrefu, doa la chai na yote, jinsi alivyosimama uzito sawa miguu miwili, kama mtu aliyefundishwa jukwaa.

Katibu alijibu, lakini sauti ikatoka kama upepo wa chini ya mlango.

"Sikusikia," Shangazi alisema.

"Nimesema..."

"Najua umesema. Nimesema sikusikia." Akainuka, wima, mkono mmoja juu ya kiti cha mbele. "Miaka thelathini nimesimama juu ya hizo mbao. Neno kama hilo halinong'onwi katika jumba hili. Pandeni juu, wote wawili. Na wewe, binti, uliza tena, wala usiharakishe mwisho wa sentensi. Wauguzi, pisheni."

Wakapanda. Taa za mazoezi zilikuwa kali, hawakuona viti, waliona giza tu na hariri ya zambarau. Asilimia akauliza tena, polepole, kila neno limesimama peke yake. Katibu akaweka karatasi chini. Akasimama alivyofundishwa, akavuta pumzi mpaka tumboni alivyofundishwa, na akasema la kwake.

"Ndiyo."

Lilipita mstari wa tano, likapita nguzo, likaenda mpaka kule kwenye mlango. Jumba lile lilikuwa na utaratibu wake wa zamani: siku ya mazoezi mtu mmoja huketi kiti cha mwisho kabisa, na sauti ya jukwaani ikimfikia, huinua mkono. Shangazi aligeuka taratibu kutazama nyuma, na wote juu ya jukwaa wakatazama alikotazama.

Huko gizani, pini mdomoni, Mama Sindano alikuwa ameinua mikono yote miwili.